Kupanga shokapu na jiometri ya pikipiki ya spoti kwa ajili ya traki (uwanja wa mbio): mwongozo kamili kwa mfano wa Yamaha R6

Kitabu cha Yamaha R6 ya 2017 kinataja mlalo wa usukani wa digrii 24, mfuato wa milimita 97, na milimita 1,375 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Hizo ni namba za pikipiki iliyosimama. Ukifika mwisho wa breki kali kabla ya kona, shokapu za mbele zinaweza kuwa zimezama milimita 70 zaidi na mkia umeinuka milimita 20. Ukigawa jumla hiyo, milimita 90, kwa urefu wa 1,375, pikipiki imeinama mbele karibu digrii 4. Unaingia kona na pikipiki ya digrii 20, si ya digrii 24.

Pikipiki hiyo ya pili, inayopatikana ikiwa mwendoni tu, ndiyo tunayoipanga hapa. Na ndiyo sababu kazi ina mpangilio wake: ukaguzi, tairi, springi, urefu, kisha kliki, yaani hatua za skrubu za kurekebisha shokapu. Wengi huanza na kliki kwa kuwa bisibisi ni rahisi kushika. Kliki hudhibiti kasi ya mwendo wa shokapu tu. Haziwezi kuinua pikipiki iliyokaa chini mno wala kutibu springi isiyolingana na uzito wa dereva.

Istilahi chache kwanza. Mlalo ni pembe ya kichwa cha usukani ukilinganisha na mstari wa wima. Mfuato ni umbali, chini kwenye lami, kati ya pale mstari wa kichwa cha usukani ungegusa ardhi na pale tairi la mbele linapogusa. Mfuato mrefu hutuliza pikipiki na kufanya usukani uwe mzito. Mfupi huifanya igeuke upesi lakini iwe na wasiwasi. Mzamo ni kiasi cha shokapu kinachotumika kubeba uzito tu kabla ya mwendo wowote. Kubonyea ni shokapu kuingia, kurudi ni kutoka.

Ukaguzi kabla ya kugusa skrubu yoyote

Inua pua ya pikipiki, shika miguu ya shokapu kwa chini, uivute mbele na nyuma. Ikigonga, beringi za usukani, yaani konseti, zimelegea. Geuza usukani taratibu toka upande hadi upande: ukihisi kama unanasa katikati, konseti imekula na hakuna mpangilio utakaosaidia. Nyuma, shika tairi ulitikise kwa pembeni na kwa juu-chini ili usikie beringi za gurudumu, za mkono wa nyuma unaobeba gurudumu na za viungo vya shokapu. Viungo hivyo hukaa njiani mwa maji na matope, hukauka grisi bila mtu kujua, na dereva hulaumu shokapu ngumu kumbe ni kiungo kilichoshika kutu.

Sili za mbele zikivuja, badilisha. Oili iliyokaa misimu kadhaa ni nyepesi na chafu, kwa hiyo kliki zako hazitakuwa na maana ile ile.

Kisha linganisha miguu ya mbele, kazi ya dakika tano inayorukwa kila siku. Gurudumu likiwa limefungwa lakini bolti za kubana ekseli zikiwa zimelegezwa, shusha pikipiki chini, shika breki ya mbele na uibonyeze mara kadhaa kwa nguvu. Mguu uliokuwa umevutwa pembeni utajiweka mahali pake. Ndipo ukaze bolti hizo kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu. Miguu isiyolingana husuguana, na msuguano utaupima hapa chini ukidhani ni springi.

Tairi

Upepo wa tairi ni sehemu ya springi ya pikipiki, na ndiyo inayobadilika kuliko zote ndani ya siku moja. Kwa tairi la barabarani linalopelekwa traki, wengi huanza na psi 30 hadi 32 mbele na 28 hadi 30 nyuma likiwa baridi. Kwa tairi la mbio, fuata chati ya mtengenezaji na upime likiwa la moto, mara tu unapoingia kutoka traki, kabla hujavua hata glavu. Tumia geji moja tu siku zote. Ikidanganya, idanganye kwa kiasi kile kile.

Ukubwa wa tairi hubadilisha jiometri. R6 hutoka kiwandani na 180/55 nyuma. Urefu wa ubavu wake ni asilimia 55 ya 180, yaani milimita 99. Ukivaa 180/60, ubavu ni milimita 108. Umeinua mkia milimita 9 bila kugusa bolti, na hapo ndipo hutokea lile lalamiko la "tairi jipya linatikisa usukani". Hata matairi yenye namba sawa kutoka viwanda viwili hutofautiana, kwa hiyo pima mzunguko wa tairi kwa futi kamba uandike daftarini kila unapobadilisha chapa.

Springi na mzamo

Unahitaji watu watatu: dereva akiwa amevaa ovaroli ya ngozi, kofia na buti, msaidizi wa kushika pikipiki, na wa kupima. Mafuta yawe nusu tangi.

Mbele, pima sehemu ya chuma inayong'aa kati ya sili ya vumbi na kishikio cha ekseli.

1. Inua pua mpaka gurudumu liache ardhi. Pima. Tuseme ni milimita 125.
2. Dereva apande na kukaa mkao wa traki, miguu kwenye vikanyagio. Msaidizi abonyeze pua chini kwa nguvu kisha aiachie ipande polepole yenyewe. Pima: tuseme 89.
3. Sasa ainue pua kidogo na kuiachia ishuke polepole. Pima: tuseme 95.
4. Wastani wa 89 na 95 ni 92. Toa kwenye 125: mzamo na dereva ni milimita 33.

Tofauti kati ya kipimo cha pili na cha tatu, hapa milimita 6, ni msuguano. Ikizidi 15, rudi kwenye kulinganisha miguu au angalia sili na bushi. Nyuma fanya vile vile, ukipima kutoka ekseli wima hadi alama uliyobandika kwenye mkia. Huko msuguano ukizidi milimita 5, fungua viungo uvipake grisi.

Kwa traki, lenga mzamo na dereva wa milimita 30 hadi 35 mbele na 25 hadi 30 nyuma. Usiishie hapo. Mshushe dereva, pima tena pikipiki ikiwa peke yake. Nyuma unataka ishuke milimita 5 hadi 10. Mbele 20 hadi 25.

Kipimo hiki cha bila dereva ndicho kinachosema kama springi ni sahihi. Tuseme nyuma umepata 28 na dereva, lakini bila dereva pikipiki haizami hata milimita moja. Maana yake umekaza nati ya springi mno ili kuficha springi laini. Ikirukia kwenye matuta, mkia hauna pa kushuka na tairi litaachana na lami. Kinyume chake, ukipata 28 na dereva huku bila dereva inazama 15 au zaidi, springi ni ngumu kuliko dereva. Katika hali zote mbili dawa ni kununua springi.

Hapa kuna imani inayohitaji kuvunjwa: kukaza nati hakufanyi springi kuwa ngumu zaidi. Springi ya niutoni 9.5 kwa milimita hubaki 9.5 hata ukiikaza mpaka mwisho. Unachobadilisha ni urefu ambao pikipiki inakaa. Springi za mbele huuzwa kwa hatua za nusu niutoni (9.0, 9.5, 10.0), na kwa pikipiki za daraja la cc 600 dereva wa kilo 70 hadi 80 kwa kawaida huangukia kati ya 9.0 na 9.5. Wa kilo 95 hawezi kufika popote na springi za huyo wa 70, hata afanye nini na bisibisi.

Kwa hesabu za nyuma kumbuka kwamba viungo huzidisha. Milimita 1 kwenye shokapu ni kama milimita 2 kwenye gurudumu, kwa hiyo zungusha nati kidogo na upime upya.

Urefu na jiometri

Andika namba mbili kabla ya kubadilisha lolote: mguu wa shokapu umetokeza milimita ngapi juu ya kibano cha juu, kati ya vibano viwili vinavyoshika miguu ya mbele (pima bomba lenyewe, usihesabu kifuniko), na umbali wa ekseli ya nyuma hadi alama ya mkia gurudumu likining'inia. Bila namba hizi huna njia ya kurudi.

Kupandisha miguu ndani ya vibano hushusha pua. Hili huwachanganya hata mafundi wazoefu saa ya haraka, kwa hiyo katika daftari andika "pua chini 3" badala ya "shokapu juu 3".

Kushusha pua milimita 5 kwenye R6 kunapunguza mlalo kama digrii 0.2 na mfuato zaidi kidogo ya milimita 1. Inaonekana ndogo, lakini dereva mzuri huihisi ndani ya raundi mbili. Fanya kazi kwa hatua za milimita 2 au 3, kamwe si 10 kwa mkupuo.

Kwa kazi hii stendi inayobeba chini ya miguu ya mbele haifai: ukilegeza vibano, pikipiki inateremka kwenye miguu yake yenyewe. Tumia stendi inayoshika tundu la chini la kichwa cha usukani, pamoja na stendi ya nyuma. Piga alama kwa kalamu kwenye miguu yote miwili. Legeza bolti za vibano vya juu na chini, na za hendeli kama zimebana mguu ule ule. Sogeza mguu mmoja, ukaze kidogo, ndipo uende wa pili. Hakikisha miguu imelingana kwa kipimo cha vernia. Kaza kwa awamu, bolti kwa bolti, hadi toki ya kitabu. Kibano cha chini kikikazwa kupita kiasi hubana bomba, na shokapu huanza kunata hapo hapo. Mwisho, fikiria tairi litafika wapi shokapu zikizama zote: kati ya tairi, mdigadi na rejeta lazima ibaki nafasi, na mipira ya breki isivutwe usukani ukigeuzwa mpaka mwisho.

Swali la kawaida: nishushe pua au niinue mkia? Zote mbili hupunguza mlalo, lakini hazifanani. Kuinua mkia huinua pia uzito wote wa pikipiki na huongeza mteremko wa mkono wa nyuma. Mteremko huo ndio unaofanya mvuto wa cheni upinge mkia kukaa chini unapofungua mafuta. Kwa hiyo kama shida ni pikipiki kupanuka nje ya kona wakati wa kutoka, inua mkia. Kama kutoka ni sawa ila inakataa kuingia, shusha pua. Inua mkia kupita kiasi na utaona gurudumu la nyuma linaelea kwenye breki, na wakati wa kutoka linateleza ghafla bila kutoa taarifa.

Cheni na sproketi nazo zimo humu. Hatua ya cheni za 520 na 525 ni milimita 15.875. Ukiongeza jino moja nyuma bila kubadilisha cheni, ekseli inakuja mbele kama milimita 4. Umefupisha pikipiki, umebadilisha nguvu inayofika kwenye shokapu na hata mzamo. Anayebadilisha gia kwa ajili ya traki mpya kisha akashangaa mkia umekuwa tofauti asitafute mchawi. Ukitaka ekseli ibaki pale pale, badilisha urefu wa cheni au jino la mbele pamoja na la nyuma. Na cheni isikazwe sana: mkono wa nyuma unapopita usawa wa sproketi ya mbele, cheni hukaza zaidi, na ikiisha ulegevu inazuia shokapu kubonyea.

Kliki

Hesabu daima kutoka kufungwa. Zungusha skrubu kuelekea kulia mpaka iguse taratibu, bila kulazimisha kwani sindano ya ndani ni laini, kisha urudishe ukihesabu. "Kurudi 8" maana yake kliki 8 kutoka kufungwa. Namba ndogo ni kizuizi kikubwa. Ilivyo kawaida, skrubu ya kurudi ya nyuma iko chini ya shokapu na ya kubonyea iko juu kwenye kikopo cha oili cha shokapu, ambapo R6 ina mbili: ya mwendo wa polepole na ya mwendo wa kasi. Polepole na kasi hapa ni mwendo wa shokapu, si wa pikipiki. Breki na mafuta huigusa ya polepole. Tuta na ukingo wa traki huigusa ya kasi.

Anza na kipimo cha kiwandani, kisha tafuta kurudi kwanza. Bonyeza mkia kwa nguvu na uachie: unapaswa kupanda kwa muda wa kama sekunde moja na kutulia. Ukirusha na kucheza, funga kliki mbili. Ukitambaa, fungua. Mbele vivyo hivyo, ipande mara moja na kusimama. Hilo ni jaribio la gereji, linakupa mahali pa kuanzia tu.

Kosa linaloharibu siku nyingi za traki ni kufunga kurudi kupita kiasi kwa sababu pikipiki "inahisi imetulia". Shokapu inabonyea kwenye tuta la kwanza, haijarudi inakutana na la pili, kisha la tatu, na kila mara inabaki chini zaidi. Mwisho inakuwa ngumu kama chuma katikati ya kona, dereva anaamini springi ni ngumu na analegeza kubonyea, na mambo yanazidi kuharibika. Kama pikipiki ni nzuri kwenye tuta moja na mbaya kwenye mfululizo wa matuta, fungua kurudi.

Kwa kubonyea mbele, funga kikanda cha plastiki cha kufungia nyaya kwenye mguu wa shokapu, kisibane sana, na ukisukume hadi kwenye sili kabla ya kutoka. Baada ya raundi kadhaa kitakuwa kimeonyesha mwisho wa kuzama. R6 ina milimita 120. Unataka zibaki kama 10 kwenye breki kali kuliko zote za traki. Zikibaki 30, unabeba ugumu usioutumia. Kikanda kikifika mwisho kabisa, ongeza kizuizi kwa kliki mbili. Ikiwa bado, punguza nafasi ya hewa juu ya oili kwa milimita 5 kila mguu. Nafasi hiyo hupimwa springi ikiwa imetolewa na mguu umebonyezwa wote. Uzuri wake ni kwamba hewa hukaza mwishoni mwa safari tu, bila kugusa mwanzo. Ila kama pikipiki inafika chini hata kwenye breki za kawaida, tatizo ni springi.

Kusoma malalamiko traki

Gawa kona vipande vitatu, kwani neno "haigeuki" peke yake halimsaidii fundi.

Kwenye breki: pua ikianguka kwa kishindo, funga kubonyea mbele. Mkia ukitangatanga, pua inazama mno au mkia uko juu mno. Tazama kikanda kwanza.

Wakati wa kuachia breki na kulala: pikipiki ikisimama na kutaka kupanuka, mara nyingi pua inapanda upesi mno. Funga kurudi mbele kliki moja. Ikiwa nzito tangu mwanzo wa kulala, shusha pua milimita 2. Pua ikitaka kujikunja chini yako, usiendelee kuishusha: irudishe juu milimita 2 na uangalie kama kurudi kumefungwa sana.

Wakati wa kufungua mafuta: ikipanuka, mkia unakaa chini. Ongeza kubonyea kwa polepole nyuma, na isipotosha inua mkia. Ikidundadunda kwa mawimbi, funga kurudi nyuma. Usukani ukitetemeka kwenye sehemu iliyonyooka, pua iko chini mno au mkia juu mno. Dampa ya usukani, kifaa cha kuzuia usukani kutetemeka, isitumike kuficha jambo hilo.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Zunguka raundi nne au tano mpaka tairi lipate moto, kisha tatu za kasi ile ile. Badiliko likionekana zuri, rudisha ilivyokuwa na ujaribu tena: kama uzuri huo haupotei, haikuwa badiliko, ilikuwa tairi au dereva aliyeizoea traki. Kliki mbili ndiyo hatua ya kuanzia, kwa kuwa moja wengi hawaihisi.

Joto nalo lina haki yake. Traki kama Losail ya Qatar au Dubai Autodrome, mpangilio wa asubuhi hautafaa mchana: oili inakuwa nyepesi na kurudi kunakuwa kwa kasi, kwa hiyo funga kliki moja na upunguze upepo hadi kipimo cha moto kirudi mahali pake. Mvua ikinyesha fanya kinyume: fungua kubonyea na kurudi kliki mbili au tatu pande zote na ulegeze mkazo wa springi kidogo, pikipiki ihamishe uzito na tairi lipate kushika. Jiometri iache ilivyo, kwa sababu mvua ikikatika utataka kurudi haraka, na kliki hurudi upesi.